Gari Linalokataa Leo na Kukubali Kesho

Gari lililokufa kabisa halina taabu kubwa. Litavutwa mpaka kwa fundi, litafunguliwa, na kwa kuwa ugonjwa wake haujifichi, utaonekana. Taabu ni lile gari linalokataa kuwaka Jumatatu asubuhi, watoto wamekwisha kuvaa sare za shule na baba ameshika mkoba, halafu saa sita mchana likizungushiwa ufunguo mara moja tu linanguruma kana kwamba halikufanya neno. Siku ya pili mwenyewe hulipeleka kwa fundi. Fundi huzungusha ufunguo mara kumi, nalo huwaka mara kumi. Basi fundi afanye nini? Hawezi kupima ugonjwa ambao haupo. Hukisia tu, na anayelipia makisio yake ni mwenye gari.

Magari mengi ya nchi zetu yalikwisha kutumika miaka kadhaa Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo ugonjwa huu wa kuja na kuondoka si mgeni katika nyumba zetu. Umekwisha kula ada nyingi za shule. Nataka tuutazame vizuri, ndugu msomaji, kwa maana sehemu kubwa ya kazi ya kuutafuta si ya fundi. Ni ya watu wa nyumbani, ambao ndio wanaokuwapo gari linapokataa.

Siku gari linapokataa ndiyo siku ya kulipima. Zile dakika tano za kukataa ni za thamani, nasi wengi huzitupa bure. Tunawaita vijana wasukume. Tunafungua boneti na kutikisa kila waya tunaouona. Mwingine hupiga betri kwa jiwe. Ghafula gari linawaka, watu wanacheka, tunaondoka, na kila alama ya ugonjwa imefutika. Hatujui ni mtikiso gani uliosaidia, wala fundi hatajua.

Jambo la kwanza ni kutenga maneno mawili ambayo sisi huyachanganya tunaposema “haliwaki”. Yako magari ambayo injini haizunguki kabisa, na yako mengine ambayo injini inazunguka vizuri, ile sauti ya nyanga-nyanga-nyanga inasikika, lakini haishiki moto. Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali. La kwanza lina shida ya betri, nyaya, stata au swichi. La pili lina shida ya petroli au cheche za plagi. Mtu anayemwambia fundi hilo moja tu amekwisha kumpunguzia nusu ya kazi.

Tuanze na injini isiyozunguka. Hapa panahitajiwa watu wawili, watatu wakipatikana ni vizuri zaidi. Hakikisheni breki ya mkono imevutwa na gia iko nyutro, au kwa gari la otomatiki iko mahali pa kuegeshea. Mmoja akae kwenye usukani na kuwasha taa kubwa za mbele. Wa pili asimame mbele ya gari pembeni, azitazame taa. Wa tatu asogeze sikio karibu na boneti iliyofunguliwa, lakini mikono, kanga na tai viwe mbali na mkanda wa injini. Sasa ufunguo uzungushwe.

Ikiwa taa zinafifia sana au zinazimika, umeme ni haba au unazuiwa njiani: betri imechoka, au kiungo fulani ni kibaya. Sauti ya haraka ta-ta-ta-ta-ta ina maana hiyo hiyo. Ikiwa taa zinabaki na mwanga wake wote na inasikika “tak” moja nzito, amri ya ufunguo imefika kwenye stata lakini stata yenyewe haikutenda kazi. Ikiwa taa zinawaka vizuri na hakuna sauti yo yote, basi amri haikufika. Shida iko katika waya mwembamba, katika swichi ya ufunguo, katika relei, au katika kifaa kidogo cha gia nitakachokieleza baadaye. Ona jinsi tulivyokwenda mbali bila kutumia hata spana moja.

Lakini taa hudanganya pia, na yafaa kujua sababu, kwa maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Watu husema, “Betri ni nzima, mbona taa zinawaka na redio inaimba?” Taa mbili kubwa za kawaida hutumia umeme wa ampia 9 hivi. Stata ya gari dogo hutaka ampia 150, na ya dizeli kubwa hutaka zaidi sana. Sasa chukua kutu kidogo tu katika kiungo cha betri, kutu yenye ukinzani wa sehemu mbili za mia za omu moja, kitu kidogo mno. Taa zikipitisha ampia zao 9 hapo, hupoteza volti 0.18, jicho haliwezi kuona tofauti. Stata ikidai ampia 150 mahali pale pale, zinapotea volti 3 nzima, na betri ya volti 12 haiwezi kuacha 3 njiani ikazungusha injini sawasawa. Ni kama mfereji ulioziba nusu: maji ya kunywa yanatosha, ya kumwagilia shamba hayafiki.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na gari dogo la nyuma refu ambalo mkewe hulitumia kupeleka mayai sokoni. Lilianza kukataa mara moja katika majuma mawili, kisha mara moja kwa juma. Fundi wa kwanza alisema, “Betri hiyo, mzee.” Ikanunuliwa betri mpya, na gari likawa zima kabisa kwa juma tatu. Likakataa tena. Fundi wa pili akasema alteneta haichaji. Ikatengenezwa, gari likapona mwezi mmoja. Likakataa tena. Ikabadilishwa stata. Likapona. Kila mara kulikuwa na furaha, na kila mara kifaa kilichotolewa kililaumiwa. Mpaka usiku mmoja mjukuu wao alipopata homa kali na degedege, gari likasema “tak” tu, na mzee akakimbia gizani kugonga milango ya majirani akitafuta gari jingine. Mtoto alifika hospitali na kupona, lakini walichelewa karibu saa nzima.

Alfajiri ile mama aliweka amri nyumbani: asitokee mtu wa kuligusa gari mpaka fundi afike pale pale lilipo. Akaitwa kijana mmoja mwenye mita ndogo ya umeme. Akapima betri kichwa kwa kichwa: volti 12.5, betri nzima. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, ile risasi yenyewe, si kibanio chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Akasema, “Mama, zungusha ufunguo.” Mahali hapo mita isingepaswa kuonyesha zaidi ya nusu volti. Ikaruka kupita 6. Akagusa kichwa cha ule waya mnene mweusi, kikawa cha moto. Akaukata mpira wake kwa kisu, na ndani yake shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Waya mpya haukufikia hata sehemu ya kumi ya bei ya betri.

Sasa jiulize: kwa nini gari lilipona kila lilipotengenezwa? Kwa sababu mtu hawezi kubadilisha betri bila kufungua nyaya zake na kuzifunga tena. Hawezi kutoa alteneta wala stata bila kwanza kufungua betri. Kila fundi, bila kujua, aliusogeza ule waya mbovu, nyuzi chache za shaba zikagusana upya, na gari likawa zima kwa muda. Betri mpya ilipewa sifa ya kazi isiyoifanya. Kwa hiyo kama gari lako limepona kwa juma chache baada ya kila kifaa kipya, usiwatilie shaka vifaa hivyo; itilie shaka njia inayofunguliwa na kufungwa kila mara, yaani vibanio na nyaya nene.

Kuvisafisha vibanio hivyo ni kazi ya nusu saa ya Jumamosi, hata kijana wa shule aweza kuifanya akisimamiwa. Gari likiwa limezimwa, fungua kwanza waya wa hasi, ule mweusi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, utaona moto wa kukutisha. Ule uchafu mweupe au wa kijani hutokana na asidi ya betri. Changanya magadi ya jikoni na maji, paka, yataumuka povu. Sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha. Angalia magadi yasiingie ndani ya betri. Risasi na kibanio ving’ae kama senti mpya, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza mpaka kibanio kisigeuke kwa mkono, halafu paka juu yake mafuta ya mgando. Sigara iwe mbali, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Wenzetu wa pwani wafanye kazi hii mara kwa mara zaidi kuliko watu wa bara, kwa sababu ya upepo wa chumvi. Tena usisahau mwisho wa pili wa waya mweusi, pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapo hakuna anayepatazama, na hapo kutu hukaa kwa raha.

Mita niliyoitaja si kitu cha mabwana wakubwa. Ndogo za kawaida huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ya chini. Betri iliyopumzika usiku kucha ikionyesha volti 12.6, imejaa, 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni tupu au karibu. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiwa inanguruma, ipande mpaka 14 au karibu na hapo. Isipopanda, ndipo useme alteneta haichaji.

Tuje kwenye ile “tak” moja ya stata. Wengine huiita selfu, jina lililobaki tangu zama ambazo kuwaka kwa gari bila kuzungushwa kwa mkono kulikuwa jambo la ajabu. Stata ya umeme iliyotengenezwa na Mmarekani Charles Kettering ilifungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walizungusha hendeli, na injini ikirudi nyuma ilivunja mkono. Wazee waliopanda Land Rover za zamani wanaikumbuka hendeli hiyo.

Ndani ya stata mna vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kinachorushwa na sumaku ili kuviunganisha. Kila unapowasha gari cheche ndogo huila shaba hiyo, na mara nyingi kipande kimoja huliwa zaidi ya mwenzake. Utafika wakati kisahani hugusa vipande vyote viwili mara moja, na mara nyingine kikagusa kimoja tu. Mara ya kwanza “tak”, mara ya pili “tak”, mara ya tano gari linawaka. Stata za Denso, ambazo zimo katika Toyota nyingi, zinajulikana kwa jambo hili. Habari njema ni kwamba vipande hivyo vya shaba huuzwa peke yake, na fundi mwenye bidii huvibadilisha bila kukuuzia stata nzima. Muulize kabla hujalipa. Ikiwa badala yake stata huamka inapogongwa polepole kwa kipande cha mti, huenda ni brashi za kaboni zilizokwisha. Kuigonga kutakufikisha nyumbani, lakini hakutaziongeza urefu.

Na likiwa kimya kabisa, taa zikiwaka vizuri? Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, peleka gia kwenye N ujaribu tena. Kuna swichi ndogo inayozuia gari kuwaka likiwa katika gia, nayo ikichakaa hukubali mahali pamoja na kukataa pengine. Likiwaka kwenye N, umekwisha kuupata ugonjwa. Magari mengine ya gia za mkono yana swichi kama hiyo chini ya klachi. Tazama pia kama kuna taa yenye picha ya ufunguo inayopepesa. Funguo za siku hizi zina kidude kinachotambuliwa na gari. Kisipotambuliwa, gari hukataa, hata kama yule anayeuzungusha ndiye mwenye gari. Jaribu ufunguo wa akiba. Ni wangapi kati yetu wanajua ufunguo wa akiba uko wapi?

Sasa lile gari linalozunguka lisishike moto. Hapa jua na joto ni mashahidi wakubwa. Umetoka safari, umesimama dukani robo saa, unarudi, injini inazunguka tu. Unakaa nusu saa, linawaka. Katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba kwa joto la injini, na kitambaa chenye maji juu ya pampu kilikuwa dawa ya kila dereva. Katika magari ya leo mshukiwa mmoja ni sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta ya injini kwamba injini inazunguka. Uzi wake mwembamba hukatika ukipata joto na kuungana ukipoa. Ukiona injini inazunguka lakini sindano ya mizunguko haisogei hata kidogo, mwambie fundi jambo hilo. Magari ya Honda ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990 yalikuwa na ugonjwa wao: relei kuu iliyofichwa chini ya dashibodi, ambayo risasi zake za kuunganishia zilipasuka nyufa nyembamba. Gari likiachwa juani madirisha yamefungwa lilikataa. Yakifunguliwa na upepo ukapita, lilikubali. Wenye magari walibadilisha pampu nzima za petroli kwa ajili ya ufa mwembamba kama unywele.

Pampu yenyewe husikika. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata, na mtu asikilize karibu na tangi. Magari mengi yenye pampu ya umeme hulia “mmmm” kwa sekunde mbili hivi. Isipolia siku ya kukataa, na siku nyingine hulia, una jambo la kumwambia fundi.

Liko pia gari linalokataa kila baada ya kukaa siku mbili bila kutumika. Hilo kwa kawaida lina kitu kinachokunywa umeme kimya kimya: taa ya buti isiyozimika, au redio iliyofungwa vibaya. Nusu ampia tu kwa siku mbili ni ampia-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ndogo ya 45. Fundi wa umeme hupima mtiririko huo gari likiwa limelala, kisha hutoa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke. Usimnunulie betri mpya mlevi huyo kabla hajakamatwa.

Weka daftari la shilingi chache katika kisanduku cha gari, na kalamu. Kila likikataa andikeni: tarehe na saa, mvua au jua, limetembea au limelala, gia ilikuwa wapi, petroli kiasi gani, sauti gani, taa zilifanya nini, na kilichofanyika kabla halijawaka. Mistari mitatu yatosha. Nimeona daftari la namna hiyo ambalo mistari yake saba ilikuwa na neno “mvua” mara saba, na fundi alipolisoma alikwenda moja kwa moja kwenye nyaya za plagi. Kama una simu yenye kamera, rekodi sauti wakati wa kukataa. Fundi mzuri ataisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

Na ukifika gereji usiseme, “Nibadilishie betri.” Sema ulichoona na ulichosikia, kisha uulize, “Utapima vipi?” Akibadilisha kifaa, omba kile cha zamani mkononi. Fundi anayejua kazi yake haoni vibaya kuulizwa hivyo, na wengine hufurahi.

Kabla ugonjwa haujapatikana, na kama nyumbani mna mtoto mdogo au mgonjwa, gari la gia za mkono liegesheni jioni kwenye mteremko wenye njia wazi, pua ikitazama chini, breki ya mkono imevutwa na jiwe kubwa limewekwa mbele ya gurudumu. Usiku likikataa, ondoeni jiwe, gia ya pili, klachi, liachieni. La otomatiki haliwashwi kwa namna hiyo. Mwenye nalo na afanye mapatano na jirani mapema, mchana, na namba ya simu ya jirani huyo iandikwe ukutani karibu na mlango.